Povu la Siku ya Nne

Sijawahi kufundisha nimekaa. Kiti changu cha darasani ni cha kuwekea madaftari. Mimi mwenyewe huzunguka, huenda dirishani, hurudi ubaoni, huvunja chaki tatu kabla kipindi hakijafika katikati. Mama yangu, ambaye ana shamba la zabibu huko Makutupora, husema nilizaliwa kama mtu aliyechelewa basi. Tangu utotoni amenisomea haraka haraka haina baraka mpaka maneno yenyewe yakaniishia maana. Hata haya nayaandika nimesimama, karatasi juu ya kabati la jikoni, maana nikikaa nitaanza kujionea huruma, na huruma hiyo siistahili.

Nafundisha Sayansi Darasa la Tano katika shule ya msingi upande wa Ipagala. Mwaka ule nilikuwa na watoto themanini na wanne. Kulikuwa na wa watumishi waliohamia Dodoma pamoja na wizara zao, kulikuwa na wa wenyeji, Wagogo kama mimi, na kulikuwa na wa wafanyabiashara waliotoka Kondoa na kwingineko. Mada ilikuwa mabadiliko ya kiumbo na mabadiliko ya kikemia, na kwa miaka yote nilikuwa na kanuni yangu moja ya kuwapitisha watoto upesi: kinachorudi kilivyokuwa ni badiliko la kiumbo, kisichorudi ni la kikemia. Barafu inayeyuka, ukiigandisha inarudi. Karatasi ikiungua, hairudi. Watoto huandika, tunasonga mbele.

Mwaka ule mtoto mmoja wa nyuma, mcheshi, baba yake dereva wa wizara, alinyoosha mkono akasema kwamba wahenga walishasema maji yakimwagika hayazoleki, kwa hiyo kumwagika kwa maji ni badiliko la kikemia. Darasa zima likamkubali. Walimpigia makofi yale ya mpangilio, ya pasha, pasha, moja mbili tatu. Nilicheka. Kabla sijamaliza kucheka, mwingine akauliza kuhusu mahindi: yakisagwa yanarudi kuwa mahindi? Na chungu kikivunjika je? Nikageuka ubaoni nikijifanya natafuta chaki. Kanuni yangu ilikuwa imekufa mikononi mwangu na watoto wameishika miguu.

Sikula mchana ule. Nilizunguka uwanja wa shule, upepo wa Agosti ukinijaza vumbi machoni, nikijiuliza ni watoto wangapi wamekwenda sekondari na ile kanuni yangu kichwani. Nilikuwa na hasira, nayo ilikuwa ya aibu. Kesho yake nilifuta kila kitu nikaanza upya. Niliwaambia wasitazame kama kitu kinarudi, watazame kama kimezaliwa kitu kipya ambacho hakikuwepo. Na kitu kipya kina dalili zake: rangi inageuka, harufu inageuka, joto linatoka, au povu linatoka bila mtu kuchemsha. Unga bado ni mahindi, hata kama umesagwa. Maji yaliyomwagika bado ni maji, ila yako sakafuni. Mcheshi wangu alikubali kwa shingo upande.

Lakini maneno matupu hayakunitosha. Ilikuwa msimu wa kuvuna zabibu, na Jumapili nilikwenda kwa mama nikarudi na ndoo ndogo ya zabibu nyekundu. Mpango ulikuwa rahisi na niliupenda. Jumatatu tungezikamua darasani: badiliko la kiumbo, zabibu zimepondwa tu. Kisha tungeuacha mchuzi wake, yaani juisi yake, kwenye chupa ya kioo yenye mdomo mpana, umefunikwa kitambaa, karibu na dirisha, na kila asubuhi tungeutazama, tunuse, tuonje, tuandike, mpaka badiliko la pili lije lenyewe. Kwa kuwa watoto themanini na wanne hawawezi kuonja wote, niliwagawa makundi kumi, kila kundi na mwonjaji wake na kijiko chake. Nilichora jedwali kubwa kwenye karatasi ya manila, siku nne, makundi kumi, nikalibandika ukutani. Ijumaa wadhibiti ubora wa shule walikuwa wanakuja, na nilitaka walikute limejaa.

Hapa lazima niseme jambo la kwetu. Kwetu mchuzi wa zabibu ni mchuzi wa zabibu. Tulikunywa utotoni siku ya kwanza, tukanywa siku ya tatu ukianza kuwasha ulimi, na hakuna aliyetuuliza. Mama alikuwa na neno moja tu: ukisikia umeanza kuongea ndani ya mtungi, waachie wakubwa. Sisi watoto tulikuwa viziwi kwa makusudi. Kwa hiyo sikufikiria. Sina sababu nyingine ya kutoa, na hiyo yenyewe si sababu.

Mwonjaji wa kundi la saba alikuwa binti wa miaka kumi na moja, baba yake mtu wa Kondoa mwenye duka la vitambaa mjini. Alikuwa mtoto wa kuandika polepole, na polepole yake ilinikera mimi mtu wa mbio. Wenzake wakiandika "tamu," yeye aliandika "tamu kama jana, lakini harufu imeongezeka kidogo." Mara nyingi nilimsimamia huku nikigonga meza kwa vidole. Yeye hakuharakishwa na vidole vyangu. Alikuwa akimaliza sentensi, anaweka nukta, ndipo ananitazama.

Jumatatu mchuzi ulikuwa mtamu. Jumanne vilevile. Jumatano vilionekana vipovu vidogo pembeni ya kioo, na nusu ya darasa hawakuviona. Alhamisi asubuhi nilipofungua mlango, harufu ilinipokea. Povu lilikuwa limepanda mpaka kwenye kitambaa, la rangi ya waridi, na ukitega sikio ulisikia chupa ikinong'ona. Nilifurahi kama mtoto. Niliwaita makundi kwa zamu, nikawaambia waonjaji wachovye ncha ya kijiko tu, waandike, wengine wasubiri. Nilikuwa na kipindi kimoja na jedwali zima la kujaza.

Nilipofika kundi la saba, kijiko kilikuwa kikavu. Kwenye daftari lake, katika safu ya ladha, binti alikuwa ameandika kwa penseli: Povu. Sionji.

"Mwalimu, povu limetoka," alisema. "Hii imeshabadilika. Sisi nyumbani ikishabadilika hairuhusiwi."

Nilimsikia. Hili ndilo ninalotaka lieleweke, maana baadaye nilijaribu hata kujidanganya kwamba kelele zilikuwa nyingi. Nilimsikia vizuri sana. Nikatazama ukutani, nikaona kisanduku cha kundi la saba kwenye jedwali, siku ya nne, kiko wazi, na makundi matatu yalikuwa bado yananisubiri.

"Sionji siyo ladha," nilimwambia. "Futa. Onja tone moja kama wenzako, uandike."

Sikumpiga wala sikumfokea. Nilimsimamia tu, vidole mezani. Alichukua ufutio, akafuta taratibu, akapuliza mabaki yake kwenye karatasi. Akachovya kijiko, akaonja. Akaandika: inawasha ulimi. Nikaweka alama ya vema kwa wino wangu mwekundu, nikaenda kundi la nane.

Ijumaa wadhibiti walisimama mbele ya jedwali langu muda mrefu. Mmoja wao aliniambia kwamba laiti walimu wote wangefundisha hivi. Binti wa kundi la saba hakuwepo shuleni siku hiyo. Nililiona pengo lake kwenye dawati, nikaendelea kuwaonyesha wageni chupa.

Jumatatu niliitwa ofisini. Baba yake alikuwa amekaa na mwalimu mkuu, shati limenyooshwa, kofia ya kufuma ameiweka juu ya goti. Alinisalimu kwa adabu. Alieleza kwa sauti ya chini kwamba binti yake, bila kuulizwa na mtu, alimweleza bibi yake Alhamisi jioni kuwa ameonja kilichokwisha kugeuka pombe. Kwamba alikataa, na mwalimu akamwamuru. Hakuja kugombana, alisema. Alitaka kujua tu ilivyokuwa, kwa sababu mtoto ni wake na maneno ni ya mtoto.

Mwalimu mkuu akanigeukia. "Mtoto alikataa?"

Kuna dirisha katika ofisi ile linalotazama bendera. Nilikwenda pale, nikarudi. Nilifikiria barua, maelezo, jina langu kwa wadhibiti, mtaa mzima ukisema kuna mwalimu anayewapa watoto pombe. Yote hayo yalinipita kwa muda wa kumeza mate.

"Hapana," nilisema. "Aliandika mwenyewe. Daftari lipo."

Daftari likaletwa. Baba alilisoma, kidole kikifuata mistari: siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Inawasha ulimi. Vema. Alilitazama neno lile muda mrefu kuliko linavyohitaji kusomwa. Kisha akalifunga.

"Basi nimeelewa," alisema. "Utuwie radhi, mwalimu. Tumekusumbua."

Akanipa mkono. Nikaupokea.

Siku iliyofuata, wakati wa mapumziko, binti alikuja kwenye meza yangu katika chumba cha walimu. Alisimama mikono nyuma, akasema baba yake amemtuma aniombe radhi kwa kusema uongo. Alilisema lote kwa mkupuo mmoja, kama shairi la kukariri. Nikamwambia haya, aende. Hakwenda. Alibaki amesimama akitazama mguu wa meza.

"Jumamosi ni Maulidi ya madrasa yetu," alisema. "Nilikuwa nifungue kwa kusoma Kurani. Baba amesema mtoto mwenye uongo mdomoni hasomi mbele za watu."

Kisha akasubiri. Leo najua alikuwa ananipa nafasi. Mtoto wa miaka kumi na moja, polepole kama kawaida yake, alikuwa amenifungulia mlango na kusimama pembeni ili nipite. Mimi nilipanga upya kalamu zangu. Nikamwambia atasoma mwaka mwingine.

Kuanzia siku ile mkono wake haukunyooka tena. Nilimwuliza maswali mepesi, ya kumrudisha. Alisimama, akasema hajui, akakaa. Mambo ambayo alikuwa akiyajua wiki iliyopita sasa alikuwa hayajui, na wenzake, ambao walishasikia kwamba amemsingizia mwalimu, walianza kusogeza madaftari yao kidogo. Niliyaona yote. Usiku nililala vizuri siku mbili za mwanzo, jambo ambalo linaniudhi mpaka leo.

Alhamisi nilikuwa nasahihisha. Upepo ulikuwa unagonga mabati na karatasi zinaruka, nikasogea na rundo langu mpaka dirishani. Nilipoinua daftari lake ili nisome mwandiko, mwanga ukalipiga kutoka ubavuni. Penseli ikifutwa risasi hutoka, lakini alama iliyochimbika kwenye karatasi hubaki. Chini ya "inawasha ulimi" niliona herufi zake, pana, zilizokandamizwa kwa mkono wa mtu asiye na haraka. Povu. Sionji. Pana kuliko maneno yaliyoandikwa juu yake. Wazi kabisa, kwa yeyote ambaye angeliinamisha daftari kidogo. Baba yake pale ofisini alilishika limelala, kama mtu anayemwamini mwalimu.

Niseme ukweli: sikuhitaji daftari linikumbushe. Nilikuwa nakumbuka. Lakini kukumbuka peke yako ni jambo moja, na kukuta limeandikwa ni jingine. Katika darasa la watoto themanini na wanne, mmoja alikuwa amelielewa somo langu vizuri kiasi cha kulitumia. Aliona dalili, akasema kitu kipya kimezaliwa, akaweka kijiko chini. Nikamfuta.

Ungefikiri nilikwenda siku ile ile. Mimi mtu wa mbio. Ijumaa nilijiambia kuna swala, watakuwa na shughuli. Jumamosi asubuhi niliufikia mtaa wao, nikaliona geti, watoto wamevaa kanzu nyeupe wanaingia na kutoka, nikapita moja kwa moja. Nikanunua mchicha nisiouhitaji. Nikarudi tena kwa njia ile ile, nikapita tena. Mwenye genge akaniuliza mwalimu unatafuta nyumba ya nani, nikamwambia nafanya mazoezi. Nilirudi nyumbani nikafua mapazia yaliyokuwa safi.

Jumapili baada ya kanisa nilikwenda kwa mama badala ya kwenda kwa wenye haki yao, nikamweleza yote kati ya mistari ya mizabibu, yeye akikata vishada na mkasi wake. Hakuacha kukata. Aliniuliza tu, huyo mtoto anakaa wapi. Nikasema Ipagala. Akasema, "Sasa huku Makutupora umefuata nini?"

Nikageuka na gari lile lile lililonileta.

Nilivua viatu mlangoni kwao saa kumi jioni. Walikuwepo wote: baba, mama wa binti aliyekuwa anakunja jamvi la shughuli ya jana, na bibi kwenye kiti cha chini karibu na mlango wa uani. Nikamwamkia bibi shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, karibu, akaagiza chai. Sikuisubiri. Nilikuwa bado nimesimama nilipoanza kusema, na nilisema kwa haraka, kwamba mtoto alikataa, kwamba aliandika haonji, kwamba mimi ndiye niliyemwambia afute, na kwamba pale ofisini nilisema uongo. Nilitoa daftari, nikaliinamisha kwenye mwanga wa mlango, nikawaonyesha.

Baba alilisoma safari hii bila kidole. Mama yake mtoto akaliweka jamvi chini.

"Mimi nilikuomba radhi pale ofisini," alisema baba.

"Ndiyo."

"Na yeye nilimtuma akakuomba radhi."

"Ndiyo, baba. Alikuja."

"Ukapokea."

"Nilipokea," nikasema.

Aliinuka akatoka uani, na nikasikia maji yanamwagwa kwenye ndoo. Ningependelea anitukane. Mtu akinitukana najua pa kusimama.

Bibi ndiye aliyemwita mtoto. Alikuja amejifunga mtandio, akaniamkia, akakaa kwenye mkeka karibu na magoti ya bibi yake. Bibi alimwambia kwamba mwalimu amekuja kusema ukweli, na kwamba lile la kuonja asilibebe, aliyelazimishwa hana lawama mbele ya Mungu. Binti akaitikia kwa kichwa. Halafu bibi akanigeukia mimi, hana hasira usoni, sauti ya mtu anayeuliza njia.

"Lakini ile ya jana alisoma mwenzake, mwanangu. Watu wamekwisha kula pilau na wameondoka. Tutawaita tena?"

Chai ilikuja, nikainywa ikiwa ya moto mno, ikaniunguza ulimi.

Jumatatu nilimweleza mwalimu mkuu. Akasema niandike maelezo kwa mkono wangu, nakala mbili. Nikaandika. Kisha nikaingia darasani, nikabandua jedwali langu ukutani, na nikawaambia watoto themanini na wanne, nimesimama sehemu moja kwa mara ya kwanza, kwamba mwenzao hakusema uongo, mimi ndiye niliyesema. Kulikuwa na upepo tu.

Mwisho wa kipindi nilimwita binti kwenye meza yangu. Nilimpa kalamu ya wino ya bluu, nikamwomba aandike upya siku ya nne, alivyoona mwenyewe, mahali ambapo hapafutiki. Alikata "inawasha ulimi" kwa mstari mmoja ulionyooka. Juu yake akaandika, polepole: Povu. Sionji. Akaweka nukta. Vidole vyangu vilikuwa vimetulia.

Lakini hakuondoka. Aliweka kidole kando ya alama yangu nyekundu.

"Na hii vema, mwalimu?"

Nilichukua ufutio wake nikasugua. Wino ulisambaa, ukawa waridi kama lile povu. Nikalowesha ncha ya ufutio kwa mate, nikasugua tena, kwa nguvu, nikiinamia meza kama mtu anayetafuta kitu sakafuni. Karatasi ikapungua, ikapungua, ikatoboka.

"Basi, mwalimu," alisema. "Iache tu."

Akapuliza mabaki, akachukua daftari lake, akarudi kukaa.